Ng'ombe wa Kwenye Ngao

Kata yetu haikuwa na nembo, na sijapata kusikia mtu aliyelala njaa kwa sababu hiyo. Watu walizaliwa, wakalima, wakazikwa, na barua za ofisi zikapigwa muhuri uleule wa siku zote. Lakini diwani wetu alikwenda ziara ya mafunzo mikoa ya mbali, huko akaona ukuta wa ofisi uliochorwa ngao kubwa yenye rangi na maneno, akarudi nayo moyoni kama mtoto aliyeona baiskeli kwa jirani. Ofisi yetu ya kata ndiyo kwanza ilikuwa imepigwa plasta na ukuta wake wa mbele ulikuwa mtupu. Akaagiza niitwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na huku kwetu mwalimu anayejua kuchora hapumziki. Kuta za shule nyingi kutoka Mbekenyera hadi njia ya Nachingwea zina mkono wangu: moyo wa binadamu na mishipa yake, ramani ya nchi, mbu wa malaria mkubwa kuliko mbuzi. Nembo ya taifa nimeichora mara nyingi hata yule bwana na yule bibi walioshika pembe za ndovu nawajua kuliko majirani zangu. Watu huniuliza nilijifunzia wapi. Chuoni walinifundisha kupima kwa rula. Kuchora kwenyewe nilikuona unyagoni, nikiwa msichana mdogo, kungwi ameinama anamwaga unga kwa vidole vitatu juu ya udongo uliofagiwa, mistari inatoka bila kutetemeka. Yaliyochorwa pale hayasemwi, na si mimi nitakayeanza kuyasema. Ila nilitoka na jambo moja, kwamba picha haiwekwi chini ili ipendeze tu. Inawekwa ili mtu aambiwe kitu ambacho hatakiwi kukisahau.

Kikao cha nembo kilifanyika ofisini kwa mtendaji wa kata, diwani akiwa mwenyekiti na wazee wa vijiji wamejipanga kwenye mabenchi. Korosho ilipita bila mjadala, pamoja na bibo lake jekundu, maana ukikataa korosho huku kwetu utaulizwa wewe ulisomeshwa na nini. Ufuta nao ukapita. Mto Mbwemkuru tukaupa mistari mitatu ya mawimbi katikati ya ngao, ingawa kiangazi watu hufukua mchanga wake kutafuta maji ya kunywa. Vita ikaja kwenye karanga. Mzee mmoja alitaka karanga ikae juu kabisa kwa sababu, alisema, nchi hii yote ya Nachingwea ilijulikana duniani kwa karanga.

Nikamwambia ilijulikana kwa kukosa karanga. Kila mtu huku ana babu aliyefanya kazi kwenye yale mashamba ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Babu yangu mzaa mama alikuwa kwenye kundi la kukusanya visiki nyuma ya matrekta. Walileta mitambo mikubwa, wakajenga reli mpaka baharini, wakalaza misitu chini, kisha mvua ikagoma, udongo ukashupaa, karanga ikakataa, nao wakafunga virago. Reli ikang'olewa. Kilichobaki ni wazee waliojua kutukana kwa Kiingereza.

"Basi iwe kumbukumbu," yule mzee akasema.

"Kumbukumbu ya hasara?"

"Mwalimu, hasara nayo si historia?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, karanga ikapata nafasi yake ndogo pembeni. Siku hizi naona yule mzee alinishinda kwa haki.

Mimi niliomba kitu kimoja tu, kwamba ukingo wa ngao uzungukwe na mistari ya chale kama iliyo kwenye uso wa mama yangu. Mama yangu ni wa rika la mwisho la waliochanjwa. Ana vipembe vidogo vilivyopangana kwenye mashavu na mstari mmoja unaokata paji la uso, na nilipokuwa mtoto nilikuwa nikilala nimevishika kwa vidole. Mabinti wa sasa hawachanjwi, wala siwalaumu, inauma. Lakini wazee wale wakiisha, na mistari imekwisha. Wazee wakakubali. Wawili kati yao walijipapasa mashavu bila kujua.

"Na hapa chini," diwani akasema, akigusa karatasi bila kunitazama, "tutaweka ng'ombe."

Wazee wakanigeukia mimi. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa amekuja kumzika mdogo wangu.

Wafugaji walifika kwetu miaka si mingi iliyopita, wakitoka upande wa Ziwa Victoria na mifugo yao, wake zao na baiskeli zilizofungwa madumu. Mwanzoni tuliishi vizuri. Tulinunua maziwa yao, wao wakanunua mahindi yetu, na mnadani tuliwatania kwa kofia zao kubwa, wao wakatutania kwa kula panya. Kisha malisho yakapungua, na ng'ombe hajui mpaka.

Mdogo wangu alikuwa amekata ufuta wake, ameufunga matita na kuyasimamisha yakauke. Ufuta ukifika hapo ni kama deni la Mungu, ukiuegemea tu punje zinamwagika zote mchangani. Ng'ombe wakaingia. Akaenda kuwafukuza, akakutana na kijana aliyekuwa akiwachunga. Walichosemezana hakuna aliyekisikia. Watu wa shamba la pili walisikia kelele za ng'ombe, wakaja mbio, wakamkuta mdogo wangu amelala kati ya matita, damu inamtoka sikioni, na fimbo imetupwa kando yake. Kijana alikuwa amekimbilia upande wa mtoni. Mpaka leo hajaonekana.

Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, mshikaki, dereva mbele, mdogo wangu katikati, mimi nyuma, nimemfunga kwangu kwa kanga kama anavyofungwa mtoto. Njia ilikuwa makorongo matupu. Kichwa chake kilikuwa kimeniangukia begani, na kuna mahali kikazidi uzito. Sikumwambia dereva. Niliona nikisema atasimama, na akisimama litakuwa kweli. Nikaendelea kumwambia tunafika, tunafika sasa hivi, mpaka getini. Kanga ile ninayo, sijaivaa tena wala sijaitupa.

Baada ya mazishi vijana wetu walitaka kwenda kuchoma maboma ya wafugaji. Mama yangu ndiye aliyewazuia. Alikwenda akakaa katikati ya njia, chini, kwenye vumbi, akawaambia wapite juu yake. Wakarudi. Watu wakamsifu kwa subira, hata msikitini ikasemwa. Mimi niliyekuwa naye ndani ya nyumba najua haikuwa subira. Mama alikuwa anangoja.

Kwa mila yetu, nyumba iliyoleta kifo humtuma mkubwa wake kwa upande wa mama wa marehemu. Anakaa chini mlangoni, anasema kwa kinywa chake lililotokea. Bila hivyo msiba haujafungwa, hata isomwe khitma mara ngapi. Sasa maboma yakiteketezwa, nani atakuja kusema? Basi kila asubuhi mama alifagia uwanja, akatandika mkeka mdogo kando ya mlango. Jioni akaukunja. Mikorosho ikatoa maua, korosho zikaokotwa, mvua zikaanza, mkeka ukatandikwa na kukunjwa. Hakuna aliyekuja. Nilianza kuuchukia ule mkeka. Kila niliporudi kutoka kazini niliuona, nikatamani kuutia moto.

Ndiyo maana diwani aliposema ng'ombe, nilikusanya penseli zangu.

"Mwalimu, kaa," alisema. "Yale mambo yameisha. Wakulima na wafugaji sasa ni kitu kimoja, na nembo ndiyo itakayosema hivyo."

"Yameisha kwa nani?"

Akanitazama kana kwamba najifanya. "Si mlishapokea?"

Nilidhani anazungumzia rambirambi. Nikatoka nje, nikapanda bodaboda na kumwambia dereva anipeleke kwenye boma la mzee wa wafugaji, baba wa yule kijana. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilitaka tu kumwona mtu ambaye alikuwa amekaa miezi yote ile, mwendo mfupi kutoka kwetu, asione haja ya kuja kusema pole.

Nilimkuta anatengeneza lango la zizi. Aliponiona alivua kofia. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alinipa kigoda, mkewe akaniletea mtindi kwenye kikombe cha plastiki, kisha, kabla sijafungua mdomo, akaanza kunishukuru.

"Mwalimu, siku nyingi nataka kuja kwako, naona haya. Nyie ni watu wa moyo. Mlipokea ng'ombe zetu, mkatusamehe. Kwetu watu wengine wangekataa."

Nikamuuliza ng'ombe gani.

Akanieleza taratibu, akidhani labda nafanya adabu. Kwao, mtu akifa mkononi mwa mtu, ukoo wa aliyeua unakusanya ng'ombe na kuwapeleka kwa ukoo wa marehemu. Ni jambo zito, halifanywi kwa mzaha. Siku ya mazishi yeye na wenzake walikuja, wakasimama mbali chini ya mikorosho kwa sababu waliogopa. Wakaona mwanamume mmoja analia kuliko wote, anajitupa chini mpaka anashikwa. Wakauliza yule nani, wakaambiwa ni baba yake. Basi hawakuhitaji kuuliza zaidi. Wakamfuata huyo baba mpaka Nachingwea anakoishi, wakampigia magoti, wakamkabidhi ng'ombe. Akapokea. Na ng'ombe wakishapokewa, kwao neno hilo halirudiwi tena, hata kulitaja ni kuchokoza kidonda.

"Mzee," nikasema, "kwetu sisi mtoto si wa baba."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa mvua inatoka ardhini.

"Ni wa nani sasa?"

"Ni wa mama. Na mjomba wake ndiye mwenye kauli. Watu wa huku wanasema baba ni jogoo tu, awike asiwike, vifaranga vina tetea wao."

Maneno hayo huchekesha watu kila mahali. Yeye hakucheka. Akaweka kofia chini, akaitazama.

"Kwa hiyo huyo mama..."

"Anawatandikia mkeka kila siku. Anawangoja nyie."

Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akajifunika mdomo kwa kanga. Nilikuwa nimekwenda pale na hasira ya kutosha kuvunja nyumba, ikawa sina pa kuitua. Nilikunywa ule mtindi wote kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Hasira niliipeleka Nachingwea. Baba na mama yangu waliachana nikiwa darasa la chini, na baba akaoa huko mjini. Nyumba yake nilikuwa nimeipita wiki chache nyuma nikaona imeezekwa bati jipya, nikafurahi, nikajua korosho zimempa. Safari hii nilisimama uani nikalitazama lile bati, likinimulika machoni kwa jua la mchana, nikamuuliza baba kama ndiyo wale ng'ombe.

Hakukana.

"Walinikuta hapa," alisema. "Wazee wazima, mwanangu, wakanipigia magoti. Wakaniita baba wa marehemu. Mimi nimezaa na mama yenu, lakini yule mdogo wako alipopelekwa jando sikuulizwa. Wewe ulipoposwa, mjomba wako alikaa na wageni, mimi nikaletewa sahani ya pilau. Mtu wa kwanza kuniambia kwamba yule ni mwanangu alikuwa yule mzee wa ng'ombe."

"Ungemwambia mama."

"Ningemwambia, angenilazimisha niwarudishe."

Akaanza kulia, kilio kilekile cha siku ya mazishi, na kilikuwa cha kweli siku zote mbili. Hilo ndilo lililonitesa. Dini inasema hivi kuhusu baba, mila inasema vile, na sisi tumeishi katikati bila kumuuliza yeye anaonaje. Nilimchukia hata hivyo. Nilimchukia njia nzima ya kurudi, na sijui kama nimemaliza.

Mama nilimweleza mwenyewe. Alinisikiliza huku anachambua mchele, mkono haukusimama. Mwisho akauliza jambo moja tu, kama huyo mzee atakuja sasa. Nikamwambia atakuja.

Alikuja kwa miguu, peke yake, bila ng'ombe wala zawadi, kama nilivyomwelekeza. Mjomba alikuwa amefika kutoka Likunja kuwa shahidi, akakaa kwenye kiti ukutani na kofia yake ya sala. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Mzee hakuukalia. Alikaa chini kwenye udongo, pembeni yake, miguu ameikunja, na mama akakaa kizingitini.

"Mayu," alisema, ndivyo kwao wanavyomwita mama. "Kijana wangu alimpiga kijana wako, na kijana wako akafa. Haya maneno nilipeleka kwa mtu mwingine. Sikujua. Sasa nimeleta kwako."

Nilidhani mama atalia. Nilikuwa nimejiandaa kumshika. Badala yake aliinama mbele, akauliza kwa Kimwera, upesi, kama mtu aliyekuwa amelishika swali mdomoni kwa muda mrefu, nami nikatafsiri.

"Anauliza, mwanangu alisema nini?"

"Alisema lini, mayu?"

"Kabla ya fimbo. Walisemezana. Mwanangu alisema nini?"

Nilikuwa sijui kwamba hilo ndilo alilokuwa akilingoja miezi yote ile. Hakutaka pole. Alitaka neno la mwisho la mwanawe, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa nalo. Mzee aliangalia mikono yake.

"Sijui, mayu. Kijana hajarudi. Simu yake haipatikani. Tumetuma watu mpaka kwetu Ziwani, hayupo. Mama yake hali chakula. Na mimi nimepoteza mtoto."

Mama hakunisubiri nitafsiri. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kupunguziana bei ya chumvi na samaki, lakini siku ile kilimtosha.

"Wako kapotea," alisema. "Wako ataonekana labda. Wangu mie hajapotea. Najua pale alipo."

Akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburi. Mzee akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti, akakaa hivyo. Kuku walipita katikati yetu, wakala punje zilizokuwa uwanjani. Nilimwonea huruma yule mzee, na nikajikasirikia kwa huruma hiyo, kwa sababu yote nilikuwa nimemwekea mama.

Alipoinuka, mama alimwambia kwamba kijana akipatikana, siku yoyote, hata akipatikana jela, aulizwe lile swali na jibu liletwe. Mzee akaapa. Akatoa simu yake ndogo ya tochi, akaniomba nimwekee namba yangu, macho yake hayaoni vizuri. Mjomba akaomba dua, tukaitikia amina, yeye pia akaitikia ingawa si Mwislamu. Kisha mama akanigeukia.

"Wanasema unatakiwa uchore ng'ombe wao ukutani."

"Nimekataa."

"Mchore."

"Mama."

"Mchore, lakini mfunge kamba. Aliyeingia kwenye ufuta hakuwa na kamba."

Kesho yake asubuhi mkeka haukutandikwa. Uwanja ulifagiliwa kama kawaida, na mahali pa mkeka palikuwa peupe. Mama alikuwa amekaa mlangoni akiitazama simu yangu niliyotoka kuichaji kwa jirani mwenye sola.

Nilichora nembo wiki za likizo. Ukuta ule ulinywa rangi kama mchanga. Nilianza na mawimbi ya mto, nikafuata korosho na mabibo, ufuta na maua yake, karanga ya hasara, jembe. Ukingo wote nikauzungushia chale za mama. Nilimweka ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa niangalie uso wake, na alinikaripia mara mbili kwamba vipembe vya shavu la kushoto vinatazama chini, si juu. Ng'ombe nikamweka mwisho. Nilimchora mwekundu, nundu imesimama, na kamba shingoni.

Kamba ndiyo iliyonishinda. Nilijaribu kwa chaki kumchora mkulima ameishika, ikawa kama askari amekamata mwizi. Nikajaribu mfugaji, na kila nilipofika usoni mkono ulichora kijana, na kijana yule sikuwahi kumwona hata mara moja. Nikafuta. Mwishowe niliiacha kamba iteremke kutoka shingoni, ipite juu ya ukingo wa chale, itoke nje ya ngao kabisa, iishie kwenye plasta tupu, karibu na mahali mkono wa mtu aliyesimama hufika.

Rangi haijakauka vizuri, ukapita uamuzi kwamba wafugaji wote waliokuwa kwenye maeneo ya mashamba wahamie kwenye malisho waliyotengewa, mbali, ng'ambo ya mto. Sina ugomvi na uamuzi. Mimi ni mtoto wa wakulima na nimeona ufuta uliokanyagwa. Lakini ilikuwa ajabu kuwaona wakiondoka. Walipita mbele ya shule yangu mchana, vumbi limejaa darasani mpaka watoto wakapiga chafya na kucheka. Yule mzee alikuwa nyuma ya kundi. Aliponiona dirishani hakupunga mkono. Aligusa mfuko wa shati lake, pale simu ilipokuwa, akaushika kidogo, akaenda zake.

Kwa hiyo siku ya uzinduzi hapakuwa na mfugaji hata mmoja. Kulikuwa na ngoma, maturubai, soda na mgeni rasmi aliyeeleza ngao kipande kwa kipande kwa kipaza sauti. Korosho ni uchumi wetu. Mawimbi ni maji, na maji ni uhai. Karanga ni ari ya kuthubutu. Chale ni utamaduni tunaoujivunia. Na ng'ombe huyu, alisema, akimnyooshea kalamu, mnaona amefungwa kamba, hii ni ishara ya ufugaji wa kisasa unaofuata utaratibu, na ni ishara ya umoja wa wakulima na wafugaji wa kata hii. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa mstari wa pili kwenye kiti cha plastiki, na yeye alipiga makofi, taratibu, kwa sababu wenzake walipiga.

Diwani aliniinamia sikioni. "Mwalimu, mbona kamba inaning'inia? Umesahau mkono."

"Nafasi haikutosha," nikamwambia.

Hiyo ndiyo historia ya nembo yetu, na maana zake. Wanafunzi huzikariri vizuri. Nikiwauliza ng'ombe ana maana gani, wananyoosha mikono na kujibu ufugaji wa kisasa, nami nawapa vema, ningefanya nini.

Simu haijalia. Namba ya mzee nimeipiga mara kadhaa, wakati mwingine inaita, anapokea, tunasalimiana, namsikia ng'ombe nyuma yake, anasema bado mwalimu, bado. Siku hizi haipatikani. Huko waliko mtandao ni wa kupanda mtini.

Mama hupita ofisi ya kata akienda nami gengeni, naye huwa haipiti bila kusimama. Anasogea ukutani, anashika ile ncha ya kamba pale rangi inapoishia, anaishika kwa vidole kama imening'inia kweli, halafu ananiuliza kama amepiga. Namwambia bado, mama. Anaiachia, tunaendelea na njia. Pale anaposhika rangi imebanduka mpaka plasta inaonekana, na kila mwezi kamba inapungua kidogo kuelekea kwenye ngao. Diwani ameniagiza nikaipake upya, inatia aibu mbele ya wageni. Nimemwambia rangi imekwisha.

Rangi ninayo.